Nani anailipia? Dhana potofu kuhusu fedha za mitandao ya kijamii huria

Elon Musk alipoinunua Twitter kwa dola bilioni 44 mwezi Oktoba 2022, watu wengi walifungua akaunti Mastodon kwa mara ya kwanza na kukuta kitu walichokuwa wamekisahau: mtandao wa kijamii usio na tangazo hata moja. Swali lililofuata lilikuwa la haki kabisa: hawa sasa wanakula wapi? Majibu mengi yanayozunguka tangu wakati huo ni ya kubahatisha. Baadhi yana madhara pia, kwa sababu anayeamini kwamba jukwaa linajiendesha lenyewe hana sababu ya kulichangia.

Dhana: Programu ni huria, basi gharama hakuna

Leseni huria inahusu msimbo tu. Mastodon iko chini ya leseni ya AGPL. Yeyote anaweza kuchukua msimbo wake, kuubadilisha na kufungua jukwaa lake, hata la biashara, mradi awape watumiaji wake msimbo alioubadilisha. Truth Social ya Donald Trump ilijengwa juu ya msimbo huo mwaka 2021, na ilibidi ikumbushwe sharti hilo ndipo ikauweka wazi. Hakuna kifungu cha leseni kinachomdai mtumiaji wa namna hiyo amlipe aliyeandika.

Kwa hiyo uhuru wa msimbo unaondoa gharama moja, ile ya kununua programu. Seva, hifadhi ya picha, kikoa, barua pepe za kuthibitisha akaunti, nakala rudufu na ushauri wa mwanasheria bado vina bei. Tena uhuru huo una karaha yake. Element, kampuni inayoandika sehemu kubwa ya programu za Matrix, mfumo huria wa kutumiana ujumbe, ilihamishia kazi zake kwenye AGPL mwaka 2023 baada ya kulalamika kwamba kampuni nyingine zinajenga bidhaa za siri juu ya jasho lake bila kurudisha chochote.

Dhana: Mzigo mkubwa ni seva

Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Seva zina gharama, na gharama hiyo ina tabia za ajabu. Kwenye mitandao kama Mastodon, ambayo ni seva nyingi za watu tofauti zinazozungumza kwa itifaki moja (kanuni za mawasiliano) iitwayo ActivityPub, seva yako haihifadhi picha za watu wako peke yao. Mtumiaji wako akimfuata mtu wa seva nyingine, machapisho ya mtu huyo yanaanza kuletwa kwako na picha zake zinanakiliwa kwenye hifadhi yako. Seva yenye watu wachache wanaofuata watu wengi inaweza kujaza diski kwa kasi ambayo msimamizi mgeni hakuitarajia. Lakini jambo hili lina dawa: unapanga nakala za picha za nje zifutwe baada ya siku kadhaa, unahamia hifadhi ya bei nafuu, unaweka kikomo cha ukubwa wa video. Gharama ya mashine inaonekana na inahesabika, na mara nyingi inaweza kupunguzwa.

Kazi ya watu haipunguziki hivyo. Angalia hesabu ambayo Signal iliichapisha Novemba 2023. Signal ni programu ya ujumbe yenye msimbo wa wazi inayoendeshwa na shirika lisilo la faida, na ina watumiaji wengi mno, kwa hiyo mtu angetarajia mashine zimeze kila kitu. Miundombinu yake ilikuwa inagharimu takribani dola milioni 14 kwa mwaka. Wafanyakazi, wapatao 50, walikuwa takribani milioni 19. Na katika zile milioni 14, milioni 6 zilikwenda kwenye ujumbe wa simu wa kuthibitisha namba za wanaojiunga. Gharama kubwa kuliko zote za kiufundi ilikuwa kulipa kampuni za simu, jambo ambalo hakuna mtumiaji anayelifikiria anapoambiwa “changia seva”.

Kwenye jukwaa dogo, safu ya mishahara husomeka sifuri, na hapo ndipo kujidanganya kunapoanza. Mtu bado anasoma malalamiko. Mtu bado anafungua picha zilizoripotiwa, zikiwemo zile ambazo hakuna binadamu anapaswa kuziona, na anajua sheria inamtaka afanye nini nazo. Mtu anaamka saa nane usiku kwa sababu hifadhidata imesimama, kisha asubuhi anakwenda kwenye kazi inayomlipa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na watumiaji wengi hawajawahi kuugusa huu. Jukwaa la aina hii huweza kufungwa wakati benki bado kuna akiba, kwa sababu tu mtu mmoja au wawili waliokuwa wakilibeba wamechoka.

Wenye programu huria wengine walishaonja hili. Kabla ya hitilafu yake ya usalama iitwayo Heartbleed kugunduliwa mwaka 2014, OpenSSL, programu iliyolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa ikipata michango ya takribani dola 2,000 tu kwa mwaka. Haikukosa diski. Ilikosa macho ya kutosha ya kusoma msimbo.

Dhana: Watu wakijaa, fedha zitafuata

Kati ya Oktoba na Novemba 2022, watumiaji hai wa Mastodon kwa mwezi walipanda kutoka takribani 300,000 hadi milioni 2.5. Michango nayo ilipanda sana, na mapato ya shirika lililo nyuma ya programu hiyo yalifika takribani euro 326,000 kwa mwaka huo mzima. Ukiangalia kwa jicho la mradi wa kujitolea, hizo ni fedha nyingi. Ukizigawanya kwa idadi ya watu waliokuwa ndani mwisho wa mwaka, hazifiki hata senti 15 za euro kwa kila mmoja. Tena huo ni mfuko wa waandishi wa programu pamoja na seva wanazoziendesha wao wenyewe. Wasimamizi wa maelfu ya seva nyingine walikuwa wanajitafutia.

Wimbi la namna hiyo huja na gharama siku ya kwanza. Mchango unakuja baadaye, ukija, na wengi waliokuja kwa hasira huondoka hasira ikipoa. Mwaka uliofuata idadi ilishuka, lakini picha zilizokwisha kupakiwa zilibaki pale pale zikila nafasi. Kwa maoni yangu, msimamizi anayefunga usajili kwa wiki mbili ili apumue anafanya uamuzi wa kifedha ulio bora kuliko anayekimbilia kukodi mashine kubwa zaidi. Wapo waliofanya hivyo wakati ule na wakalaumiwa kwa “kukosa maono”.

Dhana: Weka matangazo machache tu, hayaumi

Hakuna biashara ya matangazo machache. Katika robo ya mwisho ya 2023, Facebook iliingiza zaidi ya dola 68 kwa kila mtumiaji wa Marekani na Kanada, na kiasi hicho kinawezekana kwa sababu kampuni inajua mno kuhusu kila mmoja wao na ina jeshi la wauzaji. Jukwaa lisilofuatilia watu wake litauza nafasi kwa bei ya kutupa. Halafu watumiaji wanaweza kuhamia seva jirani isiyo na matangazo bila kupoteza wanaowafuata. Sioni la kuongeza.

Dhana: Hakuna anayekubali kulipia mtandao wa kijamii

Dreamwidth, jukwaa la blogu, inapinga hili tangu 2009. Ilianzishwa na watu waliowahi kufanya kazi LiveJournal, jukwaa la blogu la zamani zaidi, kwa kutumia msimbo huria wa LiveJournal yenyewe, na msimamo wao ulikuwa kutokuweka matangazo. Akaunti ya kawaida ni ya bure. Anayelipa anapata ziada, kama nafasi ya picha nyingi zaidi za wasifu, na malipo ya hao wachache ndiyo yanayowabeba wengine. Haijakua kama Facebook na haikukusudia. Social.coop imechukua njia nyingine: ni ushirika wenye seva ya Mastodon, wanachama wanalipa ada na wanapiga kura kuhusu sera na matumizi.

Archive of Our Own, maktaba ya hadithi za mashabiki iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009, inaendeshwa na shirika la kujitolea kwa kampeni za michango, na anayetoa kuanzia dola 10 anaweza kuwa mwanachama mwenye kura ya kuchagua bodi. Nadhani hilo la kura lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtu huchangia kwa ukarimu kitu ambacho ana sauti ndani yake.

Ila kuna hesabu moja ya kuangalia. Haba na haba hujaza kibaba, lakini wakala wa malipo naye anachota njiani. Kiwango cha kawaida cha Stripe nchini Marekani ni asilimia 2.9 pamoja na senti 30 kwa kila muamala. Mchango wa dola 1 unapoteza karibu theluthi moja. Mtu huyo huyo akitoa dola 12 mara moja kwa mwaka, makato ni kama senti 65 badala ya karibu dola 4. Jukwaa linaloomba “dola moja tu kwa mwezi” linajinyima, na kuna wasimamizi ambao hawajawahi kuipiga hesabu hiyo.

Dhana: Apatikane mfadhili mmoja mkubwa, yaishe

Diaspora, mtandao wa kijamii wa msimbo huria, iliomba dola 10,000 kwa umma mwaka 2010 na ikapewa zaidi ya 200,000. Vijana wanne wa chuo kikuu cha New York walipata fedha mara 20 ya walizoomba, pamoja na matarajio makubwa kuliko fedha hizo. Mwaka 2012 mradi ulikabidhiwa kwa jumuiya ya wanaojitolea, ambao wanauendeleza hadi leo. Fedha zile zilijenga toleo la mwanzo. Hazikuwa na uwezo wa kulipa miaka kumi ya matengenezo, wala hazikuombwa kwa ajili hiyo.

Mwekezaji ana tatizo tofauti. Mtandao wa kijamii wa Ello haukuwa wa msimbo huria, lakini ulizaliwa na ahadi zile zile mwaka 2014: hakuna matangazo, wewe si bidhaa. Ilichukua mtaji wa wawekezaji, kisha dola milioni 5.5 nyingine, na ikaandika katika katiba yake ya kisheria kwamba haitauza matangazo. Ahadi hiyo haikumzuia mwenye mali kuuza kampuni, na mwaka 2023 tovuti ilizimwa huku wasanii wakiwa na kazi zao ndani. Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii ambao msimbo wake mwingi uko wazi, ilipokea dola milioni 15 za wawekezaji mwaka 2024. Haina maana itafuata njia ya Ello, ila fedha hizo hazikutolewa kama sadaka, na swali la watarejeshewaje liko mezani. Eugen Rochko, mwanzilishi wa Mastodon, alisema mwishoni mwa 2022 kwamba amekataa ofa zaidi ya tano za aina hiyo.

Ruzuku ni bora, na bado si mshahara. NLnet, shirika la ruzuku la Uholanzi linalogawa pia fedha za Umoja wa Ulaya, limesaidia miradi mingi ya uwanja huu kwa viwango vinavyoanzia euro 5,000 hadi 50,000. Ruzuku hizi hulipwa kwa kazi inayoelezeka: kipengele kipya, ukaguzi wa usalama, tafsiri. Ni vigumu kuandika ombi la ruzuku linalosema “tutajibu malalamiko 40 kila siku kwa miaka mitatu”.

Dhana: Likiwa shirika lisilo la faida, liko salama

Hadhi ya kisheria inaweza kuondolewa. Mwaka 2024 Ujerumani iliiondolea Mastodon hadhi yake ya shirika la manufaa ya umma, na wakaunda shirika Marekani la kupokea michango. Mwaka huo huo Open Collective Foundation, iliyokuwa ikishika fedha za mamia ya miradi midogo ya Marekani, ilitangaza kwamba inajifunga, na miradi hiyo ikaanza kutafuta pa kuhamishia akiba yake.

Wala “bila faida” haina maana ya bila malipo. Rochko alipoachia uongozi Novemba 2025, alilipwa mara moja euro milioni 1, kwa hoja kwamba kwa miaka mingi alikuwa amejilipa chini ya bei ya soko. Wapo walioguna. Mimi naona deni hilo lilikuwepo siku zote, ila halikuandikwa popote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la jukwaa linapaswa kuonyesha pia saa za kazi ambazo hazikulipwa, ili siku ya kumwajiri mrithi, wachangiaji wasishtuke kuona bei yake.

Dhana: Fedha zikiisha, jukwaa linazimika tu

Linaweza kufungwa kwa heshima, na hilo nalo lina gharama ya kupangwa mapema. Seva zinazotaka kuorodheshwa kwenye ukurasa rasmi wa Mastodon zinaahidi kutoa notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kufungwa, kuweka nakala rudufu kila siku, na kuwa na angalau mtu mmoja zaidi mwenye funguo za dharura. Miezi mitatu ya notisi ni miezi mitatu ya bili, na itakuja wakati wachangiaji wameshaanza kusitisha michango. Kwa hiyo akiba ya miezi mitatu haipaswi kuguswa hata mambo yakiwa mabaya. Mtumiaji naye ajue kinachohama: wanaomfuata wanaweza kuhamishiwa kwenye akaunti mpya, lakini machapisho yake ya zamani hayaendi nao. Anaweza kuyapakua kama faili, na kwa kuwa seva ikishazimwa hakuna wa kumwomba, afanye hivyo notisi ikiwa bado haijatoka.