Upinzani si cheti cha wito: dhana tano zinazowaangusha watumishi

Kuanzia Kaptembwo mjini Nakuru hadi Nyalenda mjini Kisumu, na vijijini kote Vihiga, Busia na Bungoma, wapo wainjilisti, makatekista na wachungaji wa makanisa ya mabati walioacha wito kwa sababu ya ushauri mbaya waliopewa kwa nia njema. Ushauri huo ni huu.

Dhana: Ukipingwa, jua uko mahali Mungu anapotaka.

Ukweli: Upinzani peke yake hauthibitishi chochote. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 4, unatenga mambo mawili: mstari wa 15 unamkataza Mkristo kuteswa kama mwizi au mtu anayejiingiza katika mambo ya wengine; mstari wa 16 ndio unaomhusu anayeteswa kwa kuwa Mkristo. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: ninapingwa kwa lipi hasa? Shika daftari. Andika tarehe, jina la aliyelalamika na maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Baada ya wiki nne, lisome pamoja na mzee wa kanisa asiye ndugu yako.

Mara nyingi daftari hilo litataja kelele na pesa. Tuanze na kelele. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba za makazi wakati wa mchana, na 35 kuanzia baada ya saa mbili usiku. Desibeli 35 ni karibu na mnong'ono. Kesha yenye spika mbili zilizoelekezwa barabarani inavuka kiwango hicho mara moja, na jirani anayemwita chifu saa sita usiku hajawa Farao. Ana mtoto wa kuamka kwenda shule. Geuzeni spika zitazame ndani, punguzeni besi kwanza kwa kuwa ndiyo inayopenya ukuta wa mabati, na saa mbili ikifika zimeni mtambo muimbe kwa sauti zenu.

Pesa nazo zina utaratibu wake. Sadaka ihesabiwe na watu wawili wasiotoka nyumba moja, kabla mtu yeyote hajaondoka, kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na wote wawili watie sahihi. Sadaka ya M-Pesa ikiingia kwenye laini ya mchungaji inachanganyika na pesa ya unga, na miezi sita baadaye hata yeye mwenyewe hawezi kuitolea hesabu. Mgawanyiko huanzia hapo, kisha huitwa vita vya kiroho.

Yanayobaki baada ya kurekebisha hayo ndiyo upinzani wa kuvumilia. Nao haumaanishi mlango umefungwa: Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba anabaki Efeso kwa sababu amefunguliwa mlango mkubwa, na katika sentensi hiyohiyo akasema wanaompinga ni wengi (1 Wakorintho 16:8-9).

Dhana: Sadaka ikipungua, upako umeondoka.

Ukweli: Angalia kalenda kwanza. Januari watu wanalipa ada za shule. Kuanzia Aprili hadi Julai, katika sehemu kubwa ya magharibi, ghala ni tupu na mahindi mapya bado yako shambani; mama anayenunua gorogoro moja moja hana cha kuweka kwenye kapu. Linganisha Juni na Juni ya mwaka uliopita, kamwe usilinganishe na Desemba. Na katika miezi hiyo usianzishe mchango wa jengo, kwani wengi wataacha kuja kwa aibu, nawe utadhani wamerudi nyuma.

Dhana: Mtumishi wa kweli hafanyi kazi nyingine.

Ukweli: Paulo alishona mahema (Matendo 18:3), na huko Mileto aliwakumbusha wazee wa Efeso kwamba mikono yake mwenyewe ilimtunza yeye na wenzake (Matendo 20:34). Hapa kwetu, Waquaker waliofika Kaimosi mwaka 1902 waliuita utume wao wa viwanda, na walipasua mbao kama walivyofundisha Maandiko.

Kinachoharibu ni aina ya kazi. Kuku, cherehani au shamba la mboga hukuachia Jumapili. Pikipiki ya mkopo unaolipwa kila siku haikuachii, kwa sababu deni halipumziki. Wengi walioacha madhabahu walianza kwa kukosa ibada moja ili wamalize malipo ya wiki. Ukiajiriwa, sheria ya ajira ya mwaka 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko kati ya saba. Kubalianeni na mwajiri siku hiyo kwa maandishi kabla ya kuanza kazi.

Dhana: Mwaminifu hakimbii wala haendi serikalini.

Ukweli: Yesu aliwaambia wanafunzi wakiudhiwa katika mji mmoja wakimbilie mwingine (Mathayo 10:23). Paulo aliteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu, na alipokuwa karibu kupigwa viboko alitaja uraia wake wa Kirumi. Lakini upo wakati wa kwenda hata ukitishwa. Agosti 1990 Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa hadharani na waziri mmoja asikanyage Busia. Alikwenda tarehe 14, na akirudi gari lake likagongana na lori, akafa. Kinachoamua ni kazi uliyotumwa pale, wala si woga au ubishi.

Suala hili linawagusa zaidi wajane. Mke aliyeokoka anapokataa tero, yaani mila ya Waluo ya mjane kurithiwa na ndugu wa marehemu, huambiwa ataleta chira, laana ya kuvunja mwiko, kwa watoto. Sheria ya mwaka 2015 ya ulinzi dhidi ya unyanyasaji wa nyumbani inataja waziwazi kurithiwa kwa lazima na kutakaswa kwa mjane kuwa unyanyasaji, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Aseme msimamo wake mapema, mbele ya mzee wa ukoo na mchungaji. Nakala za cheti cha ndoa, cheti cha kifo na hati ya shamba ziwekwe nje ya boma hilo. Akitishwa, aripoti polisi na asiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo.

Hata hivyo sheria haitengenezi paa, na hapa kanisa lina hatia. Tunaimba matangani, tunakula, siku ya tatu tunatoweka. Mvua ya Aprili inavuja, hakuna wa kupanda kugongelea bati, na yule mrithi anakuja na nyundo. Mjane atakubali, si kwa sababu imani yake ilikuwa haba. Kanisa liandike majina ya watu wanne na zamu zao kabla ya mazishi: paa, kulima, ada ya shule, kumsindikiza kwa chifu. Zamu hizo zidumu mwaka mzima, mpaka msimu wa kupanda upite mara moja.

Dhana: Kuchoka ni kukosa imani.

Ukweli: Eliya aliomba afe. Katika 1 Wafalme 19 hakukemewa kwanza: alilala, akaamshwa ale, akalala tena, akalishwa mara ya pili, na baadaye akapewa Elisha. Ufuate mpangilio huohuo: usingizi, chakula, kisha mtu wa kubeba nusu ya kazi. Huzuni na kukosa usingizi vikizidi wiki mbili, nenda hospitali, maana hiyo huenda ni maradhi yenye tiba. Mahubiri ya Jumapili hiyo apewe mwingine, hata kama hajazoea.