Helga Dernesch: mezo-soprano si soprano aliyeshindwa

Aliyekulia kwenye kwaya anaujua utani huu: ukikwama kwenye noti za juu, mwalimu anakuhamishia sauti ya pili. Kwa watu wa opera utani huo umekuwa imani kabisa, na mmoja wa waliobebeshwa ni Helga Dernesch, Mwaustria aliyezaliwa Vienna mwaka 1939. Kisa chake husimuliwa kwa pumzi moja: alikuwa soprano mkubwa, yaani mwenye sauti ya kike ya juu kabisa, Karajan, kiongozi wa okestra, akamharibia sauti, akashuka akawa mezo, sauti ya kike inayofuata chini yake.

Dhana: Alikuwa soprano, umezo ulikuwa kushushwa cheo

Tuanze na tarehe. Alipopanda jukwaa la opera kwa mara ya kwanza, Bern nchini Uswisi mwaka 1961, aliimba Marina katika *Boris Godunov* ya Mussorgsky. Marina ni nafasi ya mezo. Nafasi kubwa za soprano zilimjia baadaye, alipopitia Wiesbaden na Cologne na kuanza kuimba Bayreuth, kwenye tamasha la opera za mtunzi Mjerumani Richard Wagner, mwaka 1965. Kwa hiyo alipogeukia tena nafasi za mezo mwaka 1979, alikuwa anarudi nyumbani.

Tena, aina ya sauti haipimwi kwa noti ya juu kabisa ambayo mtu anaweza kuifikia siku akiwa na nguvu. Inapimwa kwa eneo ambalo sauti inakaa saa tatu nne bila kuchoka, kwa rangi yake, na kwa mahali inapovuka kutoka kifuani kwenda kichwani. Mezo wengi wanazifikia noti za soprano. Kukaa huko usiku kucha ndiko kunakowashinda. Christa Ludwig, mezo mwenye jina kubwa Vienna, alirekodi nafasi ya soprano, Leonore wa *Fidelio*, chini ya Otto Klemperer mwaka 1962, kisha akaendelea na umezo wake. Hatukusikia mtu akisema ameshuka cheo.

Wanawake hawa wawili wanakutana katika rekodi ya *Tristan und Isolde* ya Wagner ambayo Herbert von Karajan aliifanya na okestra ya Berlin mwaka 1971 na 1972. Dernesch ni Isolde, Ludwig ni Brangäne, mjakazi wake. Sikiliza tendo la kwanza, wanapojibizana ndani ya meli: Dernesch hana ule ukali wa chuma wa masoprano wengi wa Wagner. Sauti yake ni nzito na ya joto, na hapa na pale inaisogelea ya mjakazi wake. Kwangu mimi hiyo ndiyo raha ya rekodi ile. Umezo ulikuwemo muda wote.

Dhana: Karajan ndiye aliyemuua sauti

Hapa pana chembe ya ukweli. Karajan alimpa Brünnhilde wa *Siegfried* na *Götterdämmerung*, opera za Wagner, akiwa na miaka kama 30 tu, halafu Leonore, halafu Isolde. Si mzigo mdogo. Isolde anaimba matendo matatu mbele ya okestra kubwa bila maikrofoni, na katika tendo la pili, Tristan anapoingia tu, Wagner anamdai do ya juu mara mbili, katikati ya vurugu zote za okestra. Kadiri miaka ya 1970 ilivyosonga, noti za juu zilianza kumsumbua Dernesch. Hilo halina ubishi.

Lakini kusumbuliwa na noti za juu si kufa sauti. Julai 1978, *Lear* ya Aribert Reimann ilipooneshwa kwa mara ya kwanza duniani, huko Munich, mfalme aliimbwa na Dietrich Fischer-Dieskau na binti yake katili Goneril akaimbwa na Dernesch. Ni muziki mkali usio na huruma kwa koo la mtu, na hakuna anayemkabidhi marehemu nafasi kama hiyo. Halafu simulizi la Karajan linamfanya mwanamke huyu aonekane kama chombo kilichovunjwa na mwenye nacho. Nafasi zile alizikubali mwenyewe, na uamuzi wa kubadili njia akiwa na miaka 40 ulikuwa wake.

Dhana: Mezo hupewa makombo

Mtazame Fricka katika *Die Walküre* ya Wagner. Anaingia tendo la pili, anaimba onyesho moja, anaondoka. Lakini alipoingia, mumewe Wotan, mkuu wa miungu, alikuwa ameshaamua Siegmund, kijana aliyetoroka na mke wa mtu, ashinde pambano na mume huyo. Fricka, mlinzi wa ndoa, anamfunga hoja moja baada ya nyingine mpaka mzee anaapa kumwacha Siegmund, na kabla tendo halijaisha kijana huyo amekufa. Hayo ndiyo makombo yenyewe. Dernesch aliimba Fricka San Francisco mwaka 1985.

Mwaka huohuo aliingia Metropolitan Opera ya New York kwa mara ya kwanza, kama Marfa katika *Khovanshchina*, akiwa na miaka 46. Mwaka uliofuata Reimann alikuwa na opera mpya Munich, *Troades*, na Hekabe, malkia wa Troya aliyepoteza kila kitu, aliimbwa na Dernesch. Mwaka 1994 bado alikuwa Metropolitan, akiimba Adelaide katika *Arabella* ya Richard Strauss pamoja na Kiri Te Kanawa. Onyesho hilo lilirekodiwa kwa video, kwa hiyo anayetaka kumsikia, miaka 33 baada ya Bern, anaweza.