Je, wajua kwa nini mtoto mwenye mama wawili jijini Nairobi anaweza kumwita mmoja wao "mama mdogo"?

Katika mitaa ya Nairobi, mwanamke akishapata mtoto wa kwanza, jina lake mwenyewe hupumzishwa. Mtoto akiitwa Amani, basi mama mboga, keateka wa ploti, mwalimu wa chekechea na jirani wa mlango wa pili humwita Mama Amani, na wapo watu wanaoishi ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi bila kulijua jina lililo katika kitambulisho chake. Ni desturi ya heshima, na haina utata wowote mpaka ikutane na nyumba ya wanawake wawili wanaopendana na wanaomlea mtoto mmoja. Aliyemzaa ni Mama Amani. Mwenzake, ambaye huamka usiku mtoto akishikwa na homa, hulipa nusu ya karo na kujua kwamba mtoto hapati usingizi taa ikizimwa, ataitwa nani?

Baadhi ya familia hizo zimechagua "mama mdogo", au "mama mkubwa" ikiwa huyo ndiye mwenye umri zaidi, na uchaguzi huo haukuokotwa barabarani. Katika Kiswahili, dada ya baba ni shangazi, lakini dada ya mama ni mama vilevile, mkubwa au mdogo kulingana na kuzaliwa kwake. Katika nyumba ya mitala, watoto wa mke wa kwanza humwita mke aliyefuata mama mdogo, ingawa hawana naye damu hata tone. Maana yake ni kwamba lugha yenyewe ilikwisha kukubali, zamani sana, kuwa mtoto anaweza kuwa na mama zaidi ya mmoja bila yeyote kati yao kumpunguzia mwenzake umama. Jirani anapomsikia mtoto akiita "mama mdogo!" kutoka kwenye ngazi, haulizi swali la pili, kwa kuwa hujaza pengo mwenyewe na kudhani kwamba hao ni ndugu. Mtoto, kwa upande wake, hajasema uongo, kwani yule ni mama yake. Mimi naliona jina hili kuwa ni stara, na thamani yake kubwa ni kwamba humsitiri mtoto bila kumfundisha kudanganya.

Stara inahitajika kwa sababu zinazojulikana. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, inampa kila mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti na yake, kwa hiyo wanawake wawili hawawezi kuoana kisheria nchini Kenya. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho ni urithi wa utawala wa Waingereza, kinaweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka 14 kwa kile kinachoitwa kujamiiana kinyume cha maumbile, ilhali kifungu cha 165 kinawataja wanaume peke yao. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo. Ni kweli kwamba tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba mashirika ya watu wanaopenda wa jinsia yao yana haki ya kusajiliwa, lakini uamuzi ule ulihusu uhuru wa kujumuika, nao haukugusa ndoa wala ulezi wa watoto. Hofu ya kila siku, hata hivyo, ina sura ndogo zaidi kuliko mahakama: ni fununu kumfikia mwenye nyumba, ni notisi ya kuhama kabla ya muhula wa shule kwisha, ni mtoto kukatazwa na wenzake kucheza nao uwanjani.

Watu wengine huuliza watoto hawa wametoka wapi. Wapo waliozaliwa katika ndoa au uhusiano wa awali na mwanamume, wapo waliopatikana kwa makubaliano na rafiki, na wapo waliopatikana kwa msaada wa kliniki za uzazi, ambazo Nairobi inazo kwa kuwa huduma ya kutungisha mimba nje ya mwili imekuwapo jijini tangu miaka ya 2000.

Wasomaji waliokulia mashambani huenda wamekwisha kukumbuka jambo jingine. Miongoni mwa Wakamba, Wanandi, Wakisii na Wakuria, mwanamke asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, aliweza kumtolea mahari mwanamke mwingine ili amzalie watoto wa nyumba yake. Wakamba humwita mke huyo iweto. Mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi katika shauri la urithi. Nadhani ni kosa kuichukua mila hiyo na kuifanya ushahidi kwamba wazee wetu walibariki mapenzi ya wanawake wawili, kwa maana lengo lake lilikuwa jina, ardhi na ukoo, na wanaoifuata hukanusha kabisa kwamba inahusu unyumba. Inachothibitisha ni jambo jembamba zaidi, nalo ni kwamba katika jamii hizo mzazi hakuwa lazima awe mwenye damu, kwa kuwa mtoto alikuwa wa nyumba iliyomtambua mbele ya watu.

Tatizo ni kwamba jina la "mama mdogo" hufanya kazi barabarani na kwenye ngazi za ploti, lakini hukwama mbele ya karani. Cheti cha kuzaliwa kina nafasi ya mama mmoja na baba mmoja. Katika familia hizi nafasi ya pili mara nyingi hubaki wazi, au huwa na jina la mwanamume ambaye mtoto hamjui sana, na hakuna mahali popote pa kumwandika mama wa pili. Kutokana na pengo hilo hufuata mengine mengi. Shule hutaka cheti hicho wakati wa kumsajili mwanafunzi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama aliyejifungua likizo ya miezi 3 yenye mshahara kamili, na humpa baba wiki 2, lakini mama wa pili hamo katika kundi lolote kati ya hayo, hivyo kama anataka kuwapo wiki ya kwanza ya mtoto wake huomba likizo ya kawaida. Katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya hazina ya zamani ya bima tarehe 1 Oktoba 2024, hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kama mfanyakazi mwingine yeyote, lakini hawezi kumsajili mwenzake kuwa mwenzi wa ndoa. Kinachouma zaidi ni hospitali usiku wa manane, pale muuguzi anapouliza kwa nia njema kabisa, "Wewe ni nani wa mtoto?", na mwanamke aliyembeba mtoto huyo mgongoni kwa miaka mitatu akalazimika kutafuta neno.

Sheria, hata hivyo, haijafunga milango yote, na hapa ndipo ningependa akina mama hawa wasome polepole. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamruhusu mzazi kumteua, kwa wasia au kwa hati, mtu atakayekuwa mlezi wa mtoto iwapo yeye atafariki. Sheria hiyo haisemi kwamba mlezi lazima awe ndugu wa damu. Mzazi mwingine aliye hai hubaki na haki zake, na mahakama daima huangalia maslahi ya mtoto kwanza, kama kifungu cha 53 cha Katiba kinavyoagiza, lakini hati iliyoandikwa ina uzito ambao maneno ya mazishini hayawezi kuwa nao. Kuhusu mali, Sheria ya Urithi inampa kila mtu mzima mwenye akili timamu uhuru wa kuandika wasia, na wasia wa maandishi huhitaji mashahidi wasiopungua wawili. Kifungu cha 29 cha sheria hiyo kinawataja pia, miongoni mwa wategemezi, watoto ambao marehemu aliwachukua katika familia yake kama wake mwenyewe na alikuwa akiwatunza mpaka alipofariki. Kwa hiyo risiti za karo, kitabu cha kliniki chenye sahihi ya mama wa pili na barua za shule zilizoandikwa kwa jina lake ni vitu vya kuhifadhi pamoja na hati ya mlezi.

Mara nyingi maarifa haya hayapatikani kwanza kwa wakili. Hupatikana kwenye chama. Wanawake wanane au kumi hukutana Jumapili katika nyumba ya mmoja wao, watoto wakicheza chumba cha pili, na baada ya kuchanga fedha za mzunguko huambiana ni kliniki ipi haina maswali ya kudhalilisha na ni mtaa upi una majirani wapole.

Linabaki swali la mtoto mwenyewe, ambalo kwa kawaida huja anapoanza shule na kupewa kazi ya kuichora familia yake: "Mama mdogo ni dada yako?" Nchini Marekani, mtafiti Nanette Gartrell na wenzake walianza mwaka 1986 kuzifuatilia familia za wanawake wapendanao tangu kabla watoto kuzaliwa, na walipoandika mwaka 2018, watoto hao wakiwa na umri wa miaka 25, hawakuona tofauti ya maana ya afya ya akili kati yao na vijana wengine wa rika lao. Kilichowaumiza baadhi yao walipokuwa wadogo ni kutengwa na watu wa nje kwa sababu ya familia zao. Kwa mtoto wa Nairobi ningemwambia mama ajibu ukweli kwa kipimo cha umri: kwamba si dada yangu, ni mwenzangu, sote wawili tulikusubiri uzaliwe, na jina la mama mdogo ni lako kulitumia popote unapotaka. Mtoto wa miaka 6 hutosheka na jibu hilo, hurudi kwenye karatasi yake, na huuliza tu kama nywele za mama mdogo azichore zikiwa zimesukwa au zimefunguliwa.