Pesa ya fulana na pesa ya macho

Siku niliyokabidhiwa uweka hazina wa klabu yetu nilipewa begi la kitambaa. Ndani yake mlikuwa na kitabu kimoja cha risiti, kalamu iliyokauka na taarifa ya benki ya akaunti moja. Kazi yangu ya kila siku ni uhasibu, kwa hiyo nilianza na ile taarifa. Ada za wanachama, faini za mikutano, salio la matembezi ya hisani ya mwaka uliopita, mchango wa duka la dawa kwa ajili ya miwani ya wazee: vyote vimelala kitanda kimoja, na hakuna aliyeweza kuniambia kipi ni cha nani.

Sisi ni klabu ndogo ya Lions, mtandao wa kimataifa wa klabu za kujitolea, katika mji wa pwani, watu 23, na wanaohudhuria kwa dhati ni kama 15. Siku hizi wenzetu wa klabu nyingine, wakiwemo wa Rotary, mtandao mwingine wa namna hiyo, na vijana wao wa vyuoni, hunipigia simu wanapotaka kuandaa tukio la kuchangisha. Wengi huanza na ukumbi na mshereheshaji. Mimi huwauliza kwanza wana akaunti ngapi.

Swali hilo lina asili yake. Melvin Jones, wakala wa bima wa Chicago aliyeanzisha Lions mwaka 1917, alikuwa katibu wa chama cha wafanyabiashara. Zama hizo vyama vya namna ile vilikuwa mahali pa kupeana wateja. Hata Rotary, iliyoanzishwa na wakili Paul Harris katika mji huohuo mwaka 1905 na kupata jina lake kwa sababu mikutano ilizunguka ofisi hadi ofisi, mwanzoni wanachama wake walikuwa wakipeana biashara. Jones aliwauliza wenzake kwa nini watu wenye uwezo kiasi kile wasitumie nguvu zao kwa ajili ya mji wao. Ndipo likaja sharti kwamba klabu isiwe chombo cha kuwanufaisha wanachama wake kifedha. Mambo ya macho yalikuja baadaye, mwaka 1925, Helen Keller, mwandishi wa Marekani asiyeona wala kusikia, alipohutubia mkutano mkuu wao kule Cedar Point, Ohio, akawaomba wawe mashujaa wa vipofu. Walikubali, na ndiyo maana hata sisi huku tunahangaika na mtoto wa jicho.

Kwa mweka hazina, sharti lile maana yake ni mifuko miwili. Mfuko wa uendeshaji hulishwa na wanachama wenyewe: ada, faini, michango ya ndani. Ndio unaolipa karatasi, ukumbi wa mikutano, sambusa na ada ya makao makuu. Mfuko wa huduma hulishwa na umma, na pesa ya umma hurudi kwa umma. Ukiiweka benki ikazaa riba, riba nayo inaifuata. Gharama za moja kwa moja za tukio, kama kukodi mahema, unaweza kuzitoa katika mapato ya tukio hilohilo. Sambusa za kikao cha Jumanne hapana, hata kama kikao kizima kilikuwa cha kulijadili tukio hilo.

Faini ndizo zinazowafurahisha wageni. Katika klabu za Lions kuna mtu mwenye cheo cha kuchangamsha mkutano kwa kutoza faini. Sisi tunamwita Msokota Mkia. Simu ikiita, faini. Umesahau pini ya klabu, faini. Umenunua gari jipya ukanyamaza, faini mara mbili, na hapo amefika ukomo, kwa sababu kwa kanuni mwanachama hatozwi zaidi ya mara mbili katika mkutano mmoja. Yeye mwenyewe hatozwi faini mpaka waliohudhuria wote wakubaliane, bila hata mmoja kupinga. Anachokusanya hukikabidhi kwa mweka hazina papo hapo, nami nakiandika kwenye kitabu cha kijani, cha uendeshaji. Kitabu cha bluu ni cha huduma. Rangi hizo nilizichagua mwenyewe, na zimenisaidia kuliko programu yoyote ya kompyuta, kwa kuwa hata mwanachama asiyejua hesabu anaona kwa macho ni kitabu gani kimefunguliwa mezani.

Kabla ya vitabu hivyo viwili, tulifanya kosa. Ada ya makao makuu ilikuwa imefika, nusu ya wanachama hawajalipa, na akaunti ilikuwa na pesa ya matembezi. Kamati ikaamua tukope kidogo, tutarudisha mwezi ujao. Nilikuwepo na niliweka saini. Ule mwezi ujao ulichukua miezi saba. Kambi ya macho tuliyoitangaza kuwa ya Septemba ikasogea hadi mwishoni mwa Machi, na Machi huku kwetu masika inabisha hodi. Wagonjwa 31 walikuwa wameandikiwa upasuaji. Asubuhi ya kuwachukua, basi lilizama kwenye tope baada ya mashamba ya mkonge, na waliofika hospitali ni 19. Siku tuliyorudi kuwafuata waliobaki, nilimwamkia mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi la shule, mkono begani kwa mjukuu wake. Akaitika marahaba, kisha akaniuliza, “Mwanangu, si mlisema Septemba?”

Sikuwa na jibu la kumpa.

Sasa nije kwenye matembezi yenyewe, maana hapo ndipo klabu nyingi hujidanganya. Tuchukue mfano. Watu 400 wamelipa shilingi 25,000 kila mmoja. Hiyo ni milioni 10 na picha inapendeza. Umeagiza fulana 500 kwa sababu hukujua watakuja wangapi, kila moja 12,000. Milioni 6 zimekwenda. Maji na matunda 600,000. Mahema, jukwaa na spika 900,000. Matangazo na mabango 500,000. Gari la wagonjwa na watu wa huduma ya kwanza 400,000, na hapo usibane kabisa. Zinabaki milioni 1.6, pamoja na fulana 100 ambazo kwa sababu nisizozielewa huwa zote ni saizi kubwa kabisa. Watu 400 wametoka jasho wakiamini wanatibu macho, kumbe zaidi ya nusu ya pesa yao imemtajirisha mshona fulana.

Dawa yake ni kutofungua usajili kabla fulana hazijapata mdhamini. Duka la vifaa vya ujenzi, kampuni ya mabasi, yeyote anayetaka nembo yake ionekane mgongoni. Nembo za wadhamini wawili wakubwa hulipa fulana na maji, kisha ile 25,000 ya mtembeaji inaingia kitabu cha bluu ikiwa karibu nzima. Mdhamini mwandikie barua miezi minne kabla, wala usimfuate mwisho wa mwaka, bajeti yake ikiwa imeshakwisha. Ukitaka kuongeza bahati nasibu, pita kwanza Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ukaulize kibali kabla hujachapa tiketi. Na ahadi usiziandike kama mapato. Sisi Watanzania tumelelewa na kamati za harusi. Tunajua kusimama mbele za watu na kutaja laki tano, tunajua pia kutopokea simu wiki inayofuata. Harusini mweka hazina ana mama mkwe wa kumsaidia kudai. Klabu haina mama mkwe. Kwa hiyo nabandika lipa namba kwenye kila meza, na mshereheshaji akishataja kiasi, ananyamaza mpaka ujumbe wa muamala usomwe.

Pesa taslimu tunaihesabu mahali palepale, watu wawili ambao si ndugu wala washirika wa biashara, wote wanaweka saini. Mwaka mmoja tulihesabia kwenye dawati la darasa la tatu huku mvua ikipiga bati kiasi kwamba ilibidi tuonyeshane idadi kwa vidole. Ilitimia mpaka sarafu ya mwisho.

Mafunzo watu huyakwepa, nami nilikuwa miongoni mwao. Mwaka wa klabu za Lions huanza Julai mosi na kuisha Juni 30, na viongozi hubadilika, hivyo kila mwaka kuna mweka hazina mahali fulani anayepokea begi lenye kalamu iliyokauka. Mafunzo ya viongozi wapya hufanyika miezi ya kabla ya hapo, kwa kawaida Jumamosi, na Jumamosi ina harusi. Waliokuja wanakuta mtu anasoma slaidi.

Nilipopewa zamu ya kufundisha wenzangu wa eneo letu, niliacha slaidi nyumbani. Nilibeba ndoo mbili, moja ya kijani na moja ya bluu, na vikaratasi 40. Kila kikaratasi kina muamala mmoja, na kila mtu anakitumbukiza anapoona panafaa huku akijitetea. Faini ya kuchelewa: kijani, haina ubishi. Riba ya akaunti ya huduma: hapo kimya kinaingia. Mwanachama aliyetoa 100,000 akasema ni ya miwani ya kusomea: bluu, ingawa ametoka ndani ya klabu, kwa sababu pesa imeshatajiwa kazi. Kikaratasi kinacholeta ugomvi kila mara ni tiketi ya chakula cha jioni aliyoinunua mwanachama. Wengine hushikilia kuwa ni pesa yetu wenyewe. Mimi husema tangazo lilisema chakula hicho ni cha macho, basi ni cha macho, nani aliketi kwenye kiti si hoja. Mwaka jana walibishana juu ya tiketi hiyo moja kwa dakika 20, na nadhani hizo dakika 20 ndizo zilizokuwa mafunzo.

Kuna mafunzo mengine yasiyo ya fedha, ya jioni moja kabla ya kambi. Kibali cha mganga mkuu wa wilaya kimeshapatikana, mtendaji wa kata ana taarifa, tangazo limesomwa msikitini na kanisani. Madaktari na wauguzi wanatoka hospitali. Wanachama wetu ni wanasheria, wenye maduka, na mama mmoja mwenye kiwanda cha matofali. Kazi yao ni kupanga foleni, kuandika majina na kupima uwezo wa kuona, ili mtaalamu asitumie siku yake kwa watu wanaohitaji miwani ya kusomea tu. Upimaji unaonekana mwepesi. Chati ina herufi E zinazoelekea pande mbalimbali, kwa hiyo asiyejua kusoma anaonyesha kwa vidole miguu ya herufi inaelekea wapi. Umbali ni mita 6, nasi tunaupima kwa kamba ya katani iliyofungwa fundo kila mwisho. Fundo moja ukutani, jingine kwenye mguu wa kiti. Mgonjwa hufunika jicho moja kwa kiganja. Nasisitiza kiganja, kwa kuwa akitumia vidole atachungulia katikati. Na asilibonyeze. Kambi yetu ya kwanza, mwanachama mmoja mwenye bidii aliwafunika wazee macho kwa mkono wake mwenyewe, akakandamiza hasa. Ilipofika zamu ya jicho lile kupimwa, mtu anaona ukungu. Foleni nzima ya asubuhi ilirudiwa.

Upasuaji wenyewe hatuufanyi shuleni. Tunawapeleka hospitali, wanapimwa shinikizo la damu na sukari, wanatolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi ya bandia, kesho yake bandeji inafunguliwa. Kwa klabu gharama inayouma ni usafiri: basi, chakula cha mgonjwa na cha msindikizaji, na safari ya pili ya kurudi kuangaliwa. Hii ya pili ndiyo husahaulika kwenye bajeti, na mdhamini haipendi kwa sababu haina picha nzuri. Mimi huiandika mstari wa kwanza.

Juni 30 iliyopita nilimkabidhi begi mwenzangu, kijana wa duka la simu. Alikuta akaunti mbili, waweka saini watatu kwa kila moja, kitabu cha kijani na cha bluu. Akachomoa na kamba ya katani, akaigeuzageuza, akauliza, “Kaka, hii nayo ni ya kitabu gani?”

Ilinunuliwa kwa pesa ya matembezi. Nikamwambia cha bluu, akaiandika.