Magari ya Mazishi na Ambulensi za Zamani: Dhana Potofu Kuhusu Uhalisi na Utoaji wa Alama

Miongoni mwa wakusanyaji wa magari ya zamani nchini Marekani kuna kundi dogo ambalo halina habari na magari ya mbio wala yale ya kifahari ya milango miwili. Wao hukusanya magari ya kubebea maiti, ambulensi zilizojengwa juu ya chasi za magari ya saluni, limuzini za kukodisha, na magari ya wazi yaliyobeba mashada ya maua mbele ya msafara wa mazishi. Chama chao kikuu, Professional Car Society, kilianzishwa mwaka 1976, wakati ambapo ambulensi za namna hiyo zilikuwa tayari zinaondoka barabarani. Magari haya yanapofikishwa mbele ya majaji huzua mabishano makali kuliko magari ya kawaida ya umri uleule, kwa sababu yalitengenezwa na mikono ya makampuni mawili, yakafanya kazi ngumu kwa miaka mingi, na mara nyingi yakabadilishwa kazi kabla hayajastaafu. Mengi yanayosemwa juu ya uhalisi wake ni makosa, na baadhi ya makosa hayo yamesababisha magari mazuri kuharibiwa na watu wenye nia njema.

Dhana: Cadillac ndiyo iliyotengeneza gari zima, kwa hiyo vitabu vya Cadillac vinatosha kuamua lipi ni sahihi.

Cadillac haikutengeneza gari zima. Iliuza chasi maalumu ya kibiashara, ndefu na nzito kuliko ya saluni, ikiwa na injini, mitambo, dashibodi na sehemu ya mbele ya bodi. Yaliyobaki yote yalikuwa kazi ya waunda bodi: Superior wa Lima, Miller-Meteor wa Piqua na Hess & Eisenhardt wa Cincinnati, waliotumia jina la S&S, wote wa jimbo la Ohio. Chasi ya aina hiyo ya mwaka 1976 ilikuwa na inchi 157.5 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ilhali saluni ya DeVille ya mwaka huohuo ilikuwa na inchi 130. Nje ya Cadillac mpangilio ulikuwa uleule: Henney wa Freeport, Illinois, alijengea juu ya Packard hadi mwaka 1954, Flxible wa Loudonville, Ohio, alipendelea Buick, na Cotner-Bevington wa Blytheville, Arkansas, alijulikana kwa Oldsmobile.

Kwa hiyo jaji anahitaji marejeo mawili. Kuanzia boneti hadi dashibodi anaulizia Cadillac ilifanyaje mwaka ule. Kutoka hapo kwenda nyuma anaulizia muunda bodi alifanyaje, na jibu la Superior si lazima liwe jibu la Miller-Meteor hata kama magari yote mawili yametoka kwenye chasi zinazofanana kabisa. Pia inabidi akumbuke kwamba bodi hizi zilijengwa kwa idadi ndogo na kwa kazi nyingi ya mikono. Milango ilirefushwa, fenda za nyuma zikaungwa, na viungo vikajazwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kusuguliwa hadi vikalingana. Mwanya wa mlango wa kulia unaweza kutofautiana kidogo na ule wa kushoto, na hali hiyo isihusiane kabisa na fundi aliyekarabati gari miaka hamsini baadaye. Jaji aliyezoea Chevrolet za kiwandani hukata alama hapo bila kusita, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa la kawaida zaidi katika kuyahukumu magari haya.

Dhana: Gari lenye kimulimuli chekundu juu na mapazia ya mazishi ndani limebabaishwa.

Dhana hii inatokana na kusahau jinsi Marekani ilivyoishi kabla ya huduma za dharura za kisasa. Katika miji midogo, mtu pekee aliyekuwa na gari refu la kutosha kumlaza binadamu alikuwa mwenye kampuni ya mazishi, na yeye ndiye aliyepigiwa simu ajali ikitokea. Ripoti ya National Academy of Sciences ya mwaka 1966 kuhusu vifo na ulemavu vitokanavyo na ajali ilieleza kwamba takriban nusu ya huduma za ambulensi nchini humo zilitolewa na waendesha mazishi wapatao 12,000. Wengi wao hawakuweza kumudu magari mawili, na waunda bodi wakawatengenezea gari moja lenye kazi mbili.

Ukilikagua gari la namna hiyo kwa karibu, utaona lilivyofikiriwa. Rola za sakafuni zinazotelezesha jeneza hupinduliwa, na upande wa pili unabaki sakafu bapa ya kuegesha machela. Viti vya wahudumu hukunjwa na kuzama ubavuni. Vibao vyenye chuma cha mapambo chenye umbo la herufi S, vinavyoziba madirisha ya nyuma wakati wa mazishi, hutolewa ili mgonjwa apate mwanga. Kimulimuli cha paani hufunguliwa, na kifuniko kidogo huziba tundu la waya. Kwa gari hili, kuwa na vifaa vya pande zote mbili ndio uhalisi wenyewe. Mmiliki anayetupa rola kwa sababu anataka “ambulensi safi”, au anayeziba tundu la paani na kulipaka rangi kwa sababu anataka “gari la mazishi safi”, amepunguza gari lake na anastahili kukatwa alama. Magari haya hayakuwa lazima meusi pia. Yalipakwa nyeupe, kijivu, buluu na rangi mbili kwa pamoja, kadiri mteja alivyoagiza.

Dhana: Ambulensi yoyote ya zamani inapendeza na inakamilika ikibandikwa nyota ya buluu yenye ncha sita.

Nyota hiyo yenye fimbo na nyoka katikati ilikuja baadaye sana. Magari mengi ya wagonjwa ya Marekani yalikuwa na msalaba wa rangi ya machungwa, hadi Msalaba Mwekundu wa Marekani ulipolalamika mwaka 1973 kwamba unafanana mno na nembo yake. Leo Schwartz wa idara ya usalama barabarani ya serikali ndiye aliyechora nyota mpya, nayo ikasajiliwa rasmi mwaka 1977. Nyota hiyo kwenye mlango wa ambulensi ya mwaka 1962 ni kosa la miaka zaidi ya kumi, na jaji makini huliona kabla hajafungua daftari lake. Mambo ni hayohayo kwa ving'ora vya kielektroniki vya kisasa, taa za LED na machela ya alumini yaliyonunuliwa juzi. Vifaa vingi haviongezi alama. Vifaa vichache vya umri sahihi, kama king'ora cha mota kinachopanda polepole na kuchukua muda mrefu kunyamaza, vina thamani kubwa kuliko kabati lililojaa bandeji za jana.

Dhana: Uhalisi maana yake gari ling'ae kuliko siku lilipotoka kiwandani.

Antique Automobile Club of America, iliyoanzishwa mwaka 1935 na yenye mkutano wake mkubwa wa kila mwaka Hershey, Pennsylvania, hutumia mfumo wa alama 400, na lengo lake limeelezwa bayana: gari lililokarabatiwa lilinganishwe na hali ambayo muuzaji angelimkabidhi mteja wa kwanza. Jaji huanza na alama zote kisha hupunguza. Hakuna mahali pa kuongezea alama kwa kupita kiasi. Sehemu iliyopakwa rangi nyeusi kiwandani ikipigwa kromu, inakatwa. Matairi ya kisasa ya radial kwenye gari lililozaliwa na matairi ya zamani ya nyuzi mshazari yanakatwa. Hata vibano vya paipu za maji hutazamwa: mahali ambapo kiwanda kilifunga vibano vya springi, fundi wa leo hufunga vile vya kukazwa kwa bisibisi kwa sababu ndivyo vinavyopatikana dukani, na alama inaondoka kwa kitu cha bei ya soda.

Msomaji aliyewahi kushuhudia maonyesho ya Africa Concours d'Elegance katika uwanja wa Ngong Racecourse, Nairobi, anajua jinsi washiriki wanavyohangaika na vumbi la dakika ya mwisho. Usafi una nafasi yake, lakini usafi na uhalisi ni vitu viwili, na gari linaweza kuwa safi kama sahani huku likiwa na makosa ya kihistoria kila upande.

Yapo pia magari ambayo hayapaswi kukarabatiwa hata kidogo. Chama hichohicho cha Hershey kina kundi la magari yaliyohifadhi sifa zake za awali, ambamo rangi iliyofifia na kitambaa kilichochakaa si dosari, bali ndicho kinachotafutwa. Kwa magari ya mazishi jambo hili ni muhimu zaidi kuliko kwa mengine, kwa kuwa mapazia, vitambaa vya dari na mikanda ya mapambo vilichaguliwa na mteja katika sampuli za muunda bodi ambaye huenda alishafunga milango. Miller-Meteor ilifunga mwaka 1979. Pazia la awali likishatupwa, hakuna kiwanda cha kuagizia jingine wala mtu wa kuthibitisha kwamba la kuigiza limefanana nalo.

Dhana: Kila kitu kilichoongezwa baada ya kiwanda ni uchafu wa kuondolewa, au kinyume chake, kila kilichoongezwa ni historia isiyoguswa.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, na dhana zote mbili hupotosha. Chukua mfano wa gari la kazi mbili lililonunuliwa na kampuni ya mazishi mwaka 1964, likauzwa miaka sita baadaye kwa kikosi cha uokoaji cha kujitolea, likapakwa rangi nyekundu na nyeupe, likatobolewa kwa ajili ya antena ya redio, kisha likaandikwa jina la mji ubavuni. Lipi kati ya hayo ni gari halisi? Kwa kipimo cha siku ya kukabidhiwa, jibu ni lile la mwaka 1964, na tundu la antena ni dosari. Kwa kipimo cha uhifadhi, ambacho shirikisho la kimataifa la magari ya zamani, FIVA, lilikiandika katika Mkataba wa Turin, mabadiliko ya wakati wa utumishi ni sehemu ya maisha ya gari na yana haki ya kuheshimiwa.

Mimi huona kwamba majina ya kikosi yaliyoandikwa kwa mkono na mchoraji wa mabango mwaka 1970 ni adimu kuliko rangi nyeupe ya kiwandani, ambayo fundi yeyote anaweza kuirudisha. Lakini anayechagua kuyabakisha lazima achague mwaka mmoja na kuufuata: rangi, taa, redio, machela na hata mablanketi viwe vya wakati huo. Gari lenye rangi ya mwaka 1970, pazia la mwaka 1964 na king'ora cha mwaka 1990 halikuwahi kuonekana barabarani siku yoyote, na hakuna kipimo kitakacholitetea. Picha za wakati wa kazi, hati za agizo na vipeperushi vya muunda bodi humsaidia mmiliki kuliko maelezo marefu, mradi aviweke ndani ya gari ambapo jaji atavisoma.

Fungu la pekee ni la Cadillac za mwaka 1959 zenye mikia mirefu, ambazo hutobolewa paa ili zifanane na gari la Ghostbusters, sinema maarufu ya vichekesho ya mwaka 1984. Wanaofanya hivyo husema linaweza kurudishwa. Paa lililotobolewa mara kumi na tano halirudi.

Dhana: Gari likiwa na hadithi kubwa, hadithi hiyo inatosha kuthibitisha uhalisi wake.

Mwezi Januari mwaka 2011, ambulensi ya kijivu aina ya Pontiac Bonneville ya mwaka 1963 iliuzwa katika mnada huko Scottsdale, Arizona, kwa dola 120,000 kabla ya ada. Ilikuwa imetangazwa kuwa ndiyo iliyobeba mwili wa Rais John F. Kennedy kutoka uwanja wa ndege wa kijeshi wa Andrews kwenda hospitali ya jeshi la maji ya Bethesda usiku wa tarehe 22 Novemba 1963. Kabla ya nyundo kugongwa, watu wanaoyajua magari haya walikwishauliza maswali, na kwa mujibu wa kumbukumbu za maktaba ya Kennedy mjini Boston, ambulensi halisi ilikuwa imeharibiwa kwa kupondwa mwaka 1986. Bodi ilikuwa sahihi, mwaka sahihi na rangi sahihi. Kilichokosekana ni mnyororo wa hati unaoiunganisha na usiku ule. Mwaka uliofuata, katika minada ya mji huohuo, liliuzwa gari la mazishi la Cadillac la mwaka 1964 lenye bodi ya Miller-Meteor, lililombeba Kennedy kutoka hospitali ya Parkland hadi uwanja wa Love Field, Dallas. Mmiliki wake wa kwanza, kampuni ya mazishi ya O'Neal ya mjini humo, alijulikana, na picha za siku ile zinalionyesha nje ya hospitali. Lilipata dola 160,000.