Je, wajua kwa nini Wikipedia haimwiti mtu nabii?

Baridi ya Mbeya mwezi wa sita mnaijua, vidole havitaki hata kugusa kibodi. Siku moja hivi dogo mmoja Msabato akaingia kwenye steshenari yangu hapa Mwanjelwa, anataka kuprinti habari za Ellen White kwa ajili ya kipindi cha vijana. Kama humjui, huyu ni mama wa Kimarekani aliyezaliwa 1827 akafariki 1915, mmoja wa waanzilishi wa Kanisa la Waadventista Wasabato, aliandika vitabu vingi mno na Wasabato wanaamini alikuwa na karama ya unabii. Tukafungua Wikipedia, dogo akasoma mistari mitatu akanuna. "Braza, mbona hawamwiti nabii? Hawa si wanatudharau?" Nikamwambia bonyeza hariri, yeyote anaruhusiwa. Akaandika kwamba Mungu alimfunulia mambo yajayo. Fundi simu wa mlango wa pili, ambaye alikuwa Msabato zamani akatoka kwa ugomvi, akachungulia, akacheka, akatoa simu yake naye akaweka la kwake: tapeli aliyeiba maandishi ya watu. Chai haijapoa, zote mbili zimeshafutwa, na aliyezifuta ni mtu mmoja.

Kwa nini sasa? Wengi tunadhani kutoegemea upande ni kukaa katikati, yaani huyu kasema nabii yule kasema tapeli basi tuandike nusu kwa nusu yaishe. Siyo hivyo. Kamusi elezo kama Wikipedia haitakiwi kuwa na mdomo wake. Kila kauli yenye ubishi lazima iwe na mwenyewe, nani kaisema, wapi, lini, na sisi wasomaji tukaone wapi.

Ndo maana kitenzi ndo shughuli nzima. Chukua sentensi kama ya dogo tuigeuzegeuze. "Alitokewa na maono Desemba 1844", hapo mwandishi kashaamini kwa niaba yako. "Eti alitokewa na maono", herufi tatu tu na mtu kashatukanwa. "Alidai kuona maono", hii inaonekana ya kistaarabu kabisa, ila kwenye masikio ya Mswahili anayedai ni kama yuko kizimbani mpaka athibitishe (mi mwenyewe nimeitumia miaka bila kujua inauma). "Anayejiita nabii" ndo usiseme, hiyo -ji- ni kofi. Kinachobaki ni kitu kikavu: aliandika kwamba aliona maono Desemba 1844, wiki chache baada ya tarehe 22 Oktoba ambayo yeye na wenzake walitegemea Kristo angerudi. Hapo dogo hana ubishi, fundi hana ubishi, maana hata adui yake hakatai kwamba aliandika.

Cheo nacho ni hivyohivyo. Ukitoka Mafiati mpaka Uyole hesabu mabango, Nabii fulani, Mtume fulani, Mtume na Nabii kwa pamoja. Ukimwandika mtu kwa cheo hicho kama jina lake umeshatoa hukumu, kwa hiyo anatajwa kwa jina, alafu unasema waumini wake wanamwita nani. Na hata neno lenyewe wasifu, yaani habari za maisha ya mtu, linatuponza. Limetoka kwenye mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa sifa, ila kwa Waarabu mzizi huo ni wa kueleza kitu kilivyo, sisi huku tukisikia kusifu tunawaza kupamba tu, kama risala ya msibani.

Fundi alidhani kanuni hii inamlinda mama White. Wala! Lile la kunakili halikuwa la kuzusha. Mwaka 1982 Walter Rea, aliyekuwa mchungaji wa Kisabato, alitoa kitabu kizima akimshutumu kwamba alichukua maandishi ya wengine. Kabla yake, 1981, wakili Vincent Ramik aliyepewa kazi hiyo na kanisa alisema hakuvunja sheria ya hakimiliki. Yote mawili yanaandikwa, na jina la aliyesema na aliyemtuma. Kilichokatwa kwa fundi ni neno tapeli, na kutoweka chanzo. Kuna na suala la uzito, lawama isipewe kurasa kumi wakati maisha yote ya mtu yamepewa aya mbili, wala isifichwe mkiani.

Aliyekufa 1915 hawezi kuumia, aliye hai ni kesi nyingine. Mwaka 2005 ukurasa wa mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, ulikaa miezi kama minne ukisema aliwahi kushukiwa kwenye mauaji ya Rais Kennedy. Uongo mtupu. Tangu hapo sheria za watu walio hai zikakazwa, jambo baya lisilo na chanzo cha kuaminika linaondolewa papo hapo, halisubiri mjadala.

Wenye dini wenyewe wakiingia je? Ilishatokea. Mei 2009 kamati ya usuluhishi ya Wikipedia ya Kiingereza ilizuia uhariri kutoka kwenye anwani za intaneti za Kanisa la Scientology, lile lililoanzishwa Marekani na mwandishi L. Ron Hubbard, na baadhi ya wapinzani wake nao wakapigwa marufuku kugusa mada hiyo. Yaani dogo na fundi wote nje.

Kwenye Kiswahili, ambako Wikipedia yetu ipo tangu 2003, wahariri ni wachache, kwa hiyo usishangae kukuta "eti" imekaa mahali miezi na hakuna aliyeiona. Ukiikuta nenda Majadiliano, ule ukurasa wa kujadili makala, ueleze.

Dogo hakukata tamaa lakini. Jumatatu karudi na kitabu cha kanisani, kimefungwa kwenye mfuko wa rambo kisilowe, anasema chanzo hiki hapa. Nikamwambia sawa, cha kanisa kinafaa kueleza kanisa linaamini nini, twende, ukurasa wa ngapi? Akafunua, akafunua, akakifunga. Kumbe ile sentensi aliisikia kwenye mahubiri.