Randa yenye kutu haijafa

Wengi wakiona randa ya zamani imejaa kutu, huiuza kama chuma chakavu. Inasikitisha, maana kutu ya juu juu haijaharibu kitu. Chukua Stanley namba 4, randa ya chuma ya kulainishia mbao, ambayo muundo wake ulitokana na Leonard Bailey wa Marekani katika karne ya 19: karibu yote hufunguka kwa bisibisi.

Loweka kisu cha randa kwenye siki usiku kucha, kisugue kwa brashi ya waya, kisuuze kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kikaushe papo hapo, kisha kipake mafuta. Usikisahau humo siku nyingi. Siki ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe.

Kinachoua randa hasa ni ufa mwilini, zaidi pembeni mwa uwazi kinapotokea kisu. Mwili ule ni chuma cha kusubu, na kukiunga ni kazi ngumu mno. Kisu nacho, kigeuze utazame mgongo wake karibu na makali: vishimo vya kutu vikifika pale, makali yatatoka na mapengo hata unoe vipi, lakini visu vipya bado vinauzwa. Vishimo vikiwa juu zaidi, viache tu. Havigusi mbao.